Dharura ya Marekani kuhusu Afghanistan, mbona inaongezwa kila mwaka?

Umeuliza kwa nini Marekani itangaze dharura wakati wenye njaa wako Afghanistan. Ndugu yangu, hiyo ni dharura ya kisheria, inampa rais nguvu ya kuzuia mali, na kwa sheria yao ya 1976 inakufa yenyewe baada ya mwaka asipotoa notisi ya kuiendeleza, ndo maana Februari ikifika unaisikia tena. Biden aliitangaza 2022 akafunga dola bilioni 7 hivi za benki kuu ya Afghanistan zilizokuwa New York, baadaye bilioni 3.5 zikapelekwa kwenye mfuko huko Uswisi. Ila hela ni za Waafghani wenyewe aisee, na mama anayekosa mkate pale Kabul hajaishika hata senti, inaniuma sana.