Nyumba Kilifi, fleti Leicester: wosia mmoja au mbili?

Dada, umeuliza kama wosia uliouandika Leicester, Uingereza, unatosha kwa fleti ya huko na nyumba ya Kilifi. Unaweza kutosha, ila mimi ningeandika mbili. Nyumba iliyoko Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, hata uwe unaishi wapi, na kibali cha mirathi (idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu) cha Uingereza sharti kigongwe muhuri na Mahakama Kuu ya Kenya. Hapo ndipo watoto humaliza soli.

Ila chunga: wosia wa mawakili wa huko kwa kawaida huanza na "nafuta wosia zangu zote za awali". Ukiutia saini baada ya ule wa Kilifi, wa Kilifi umekwenda. Waongeze "isipokuwa ule wa Kenya". Mashahidi wawili, wasiwe warithi. Kama u Mwislamu, usiusie zaidi ya theluthi ya mali yako.