Kabla hamjakata kwa kalamu nyekundu: kwa walimu wapya wa Kiingereza

Wadogo zangu mlioripoti muhula huu, karibuni sana. Nimepitia madaftari ya kidato cha tatu na nimekuta majibu sahihi yamekatwa. Ni kosa lilelile la kila mwaka: vishazi rejeshi (vile vya "which" na "whom", kama "fomu niliyoijaza") vyenye "phrasal verb", yaani kitenzi kinachoandamana na kijineno, kama "fill in".

1. Msimkate mwanafunzi kwa sababu tu sentensi yake imeishia na "in", "off" au "up". Marufuku hiyo ni ya kale. Mshairi wa Kiingereza John Dryden alimlaumu mwandishi mwenzake wa tamthilia, Ben Jonson, kwa jambo hilohilo mwaka 1672, Jonson akiwa ameshafariki, na Waingereza wenyewe hawajaacha kumalizia sentensi hivyo mpaka leo.

Mwenzenu mmoja aliniletea rundo la madaftari nimwangalizie. Binti mmoja kaandika "The form which I filled in was lost." Sentensi safi kabisa. Mwalimu kaikata, juu yake kaandika "The form in which I filled was lost." Nikamwomba aisome kwa sauti. Akasoma, akanyamaza. Nikamuuliza: hapo kimejazwa nini? Maana kwa mpangilio huo fomu haijazwi tena. Mtu yumo ndani yake, anajaza kitu kisichotajwa. Akanieleza bila kuficha kwamba chuoni walisisitiziwa "in which" ndicho Kiingereza cha adabu, kwa hiyo alipoona "which" na "in" zimeachana, akazikutanisha.

Hapo sikukasirika. Kilichoniuma ni ukurasa wa pili. Binti yule ni msikivu. Kayafuata masahihisho neno kwa neno: "the light off which I turned", "the shoes on which he tried", "the word up which I looked". Na yote matatu yamepata vema! Mtoto aliyekuwa anajua amefundishwa kutojua, tena kwa utiifu wake. Kipindi kilichofuata mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema jibu la kwanza la binti ndilo lililokuwa sahihi. Nilimheshimu mno kwa hilo, na ninyi mkikosea fanyeni vivyo hivyo.

2. Kipimo cha kujua kama kijineno kinaweza kuhamia mbele ya "which" ni "it". "Fill it in", "turn it off", "look it up": "it" imekaa katikati, basi kijineno ni mali ya kitenzi na hakihami. "Sit on it" haikubali "it" katikati. Hicho ni kihusishi, kwa hiyo "the chair on which I sat" ni sawa. Ila kuna vitenzi vilivyogandana na vijineno vyake hata kama "it" haiingii katikati. "The child after whom I looked" hakuna anayesema; semeni "the child whom I looked after". Vivyo hivyo "the noise which I can't put up with".

3. Kosa la "The form which I filled it in" linatoka nyumbani kwetu, kwenye Kiswahili. Tunasema "fomu niliyoijaza": "-yo-" inarejesha, na "-i-" inaitaja fomu tena. Kwa Kiingereza "which" imeshashika nafasi ya "it", haziwezi kukaa zote mbili. Ziandikeni sentensi hizo ubaoni, moja chini ya nyingine, wazione kwa macho. Kumwambia mtoto "futa it" bila sababu ni kumfanya airudie wiki ijayo.

4. Jibu "The book which I was looking" limepoteza "for", kwa kuwa kichwani mwa mwanafunzi mna "kutafuta", neno moja. Aanze na sentensi nzima, "I was looking for the book", ndipo atengeneze kishazi.

5. "The form I filled in", bila "which", ni sahihi. Msikate.

Madaftari ya wiki hii niletewe kabla hayajarudi darasani. Nipo ofisini mchana wote.