Jibu: Lava hupoa kwa muda gani, na je, miamba myeusi ya Makunduchi ni lava?

Asalaam aleikum. Mwenye uzi ameuliza mawili: lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayotoka volkano, huchukua muda gani kupoa, na kama ile miamba myeusi ya ufukweni Makunduchi ni lava. Kwetu Unguja na Pemba hakuna volkano, kwa hiyo nasema niliyoyaona Ngazija, kule Komoro, kwao mama.

Kuganda si kupoa, na hapo ndipo watu wanapojiponza. Lava ya Karthala, volkano ya Ngazija, ni ya basalti, jiwe jeusi la volkano, hutoka na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Juu hushika gamba jeusi kwa dakika chache tu. Lakini jiwe halipitishi joto upesi, basi gamba lilelile ndilo linalouhifadhi moto wa chini. Ni kama uji wa pilipili manga: juu utando, ukiuvamia unaungua ulimi. Lava nene hukaa na moto ndani kwa miezi, hata miaka. Kule Hawaii, ziwa la lava la Kilauea Iki lilijaa mwaka 1959, kina chake zaidi ya mita 100, na likachukua zaidi ya miaka 30 kuganda lote.

Mjomba alinipeleka Singani, kijiji kilichopitiwa na lava mwaka 1977. Nimeikanyaga, inakatakata kandambili. Ukiokota kipande cha juu kimejaa vitundu, gesi ilinaswa humo jiwe likiwahi kuganda. Cha ndani, kilichopoa taratibu, ni kizito na kimeshikana. Mipasuko mirefu unayoiona ni kwa sababu jiwe hunywea likipoa.

Makunduchi si lava, jamani. Yale ni matumbawe ya kale, yaliachwa juu bahari iliposhuka. Weusi ni wa nje tu. Vunja kipande, ndani cheupe. Kidondoshee siki, kitatoa povu, maana ni chokaa. Mawe ya jamii hiyohiyo ndiyo wazee waliyoyachoma tanuu kupata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe. Basalti haikupi chokaa hata uichome vipi.

Jiwe la volkano kufika mwambao wetu limewahi kufika, ila kwa maji. Krakatau, volkano ya Indonesia, ilipolipuka mwaka 1883, mawe mepesi yenye vitundu yalielea Bahari ya Hindi nzima na mwaka uliofuata yakatupwa pwani ya Afrika Mashariki. Hayo ni lava iliyojaa gesi ikapoa ghafla. Ukiokota ufukweni jiwe jepesi linaloelea, lipige picha uliweke hapa tulitazame.