Kwa nini matufaha ya viungo yanageuka uji sufuriani?

Swali: Hupika vipande vya matufaha juu ya jiko kwa siagi, sukari na mdalasini. Kwanza hukaanga mdalasini wa unga ndani ya siagi iliyochemka, kisha hutia matufaha pamoja na kikombe kizima cha maji, nikafunika na kuacha kwa dakika 20. Kila mara hupondeka, na huwa na uchungu. Nirekebishe nini?

Jibu: Ndugu msomaji, kuna makosa mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na uji, kwa kuwa ndio unaowakatisha wapishi wengi tamaa. Seli za tufaha hushikamanishwa na pektini, yaani gundi ya asili ya tunda, ambayo huyeyuka kadiri joto na unyevu vinavyodumu, hadi seli zikaachana na kipande kikapoteza umbo. Tufaha lenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na sukari huyavuta maji hayo yatoke. Kwa hiyo kikombe ulichoongeza hakikuwa na kazi, na mfuniko uliufungia mvuke ndani ukaendelea kuyachemsha. Kwa matufaha manne makubwa, vijiko vitatu vya chakula vya maji vinatosha kuzuia yasishike chini kabla hayajatoa maji yake.

Aina ya tufaha nayo ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Granny Smith na Honeycrisp huhimili moto vizuri, ilhali McIntosh na Bramley hulainika upesi, jambo linalofaa kwa rojo laini lakini si kwa vipande. Kata vipande vya unene wa sentimita 1 hadi 1.5, na vilingane, la sivyo vyembamba vitapondeka huku vinene vikiwa bado vigumu. Maji ya limau, kijiko kimoja cha chakula, yatiwe mapema: asidi hupunguza kasi ya kuyeyuka kwa pektini, na pia huzuia vipande visigeuke rangi ya kahawia.

Sasa uchungu. Mafuta yanayobeba harufu ya mdalasini huyeyuka vyema katika siagi, kwa hiyo wazo lako lilikuwa na msingi. Lakini unga wake ni laini mno, na ukikutana na siagi kali peke yake huungua kwa sekunde chache. Yeyusha gramu 30 za siagi katika kikaango kipana kwa moto wa wastani, utie matufaha na limau, uyageuze kwa dakika 2 hadi yang'ae, ndipo unyunyize gramu 50 za sukari, nusu kijiko cha chai cha mdalasini na chembe ya chumvi, kisha maji yale kidogo. Unyevu wa tunda utaulinda unga usiungue. Usizidishe mdalasini, kwani ukiwa mwingi huifanya shira iwe ya utelezi. Karafuu mbili nzima zinatosha, nazo ziondolewe kabla ya kuandaa; iliki iliyotwangwa itiwe mwishoni, maana harufu yake hupotea haraka.

Pika bila kufunika, ukigeuza taratibu kwa mwiko wa mti, kwa dakika 8 hadi 12. Usiitegemee saa, tegemea ncha ya kisu: ikiingia bila shida ukingoni lakini ikakutana na ukinzani kidogo katikati, epua, kwa sababu joto lililobaki litamalizia kazi. Ikiwa shira bado ni nyepesi, usiendelee kuyapika matufaha kwa ajili yake. Yatoe kwa kijiko chenye matundu, ichemshe shira peke yake hadi ishike mgongo wa kijiko, kisha uimimine juu ya matufaha. Yakibaki, yahifadhi kwenye jokofu kwa siku 3, na uyapashe kwa moto mdogo pamoja na kijiko kimoja cha maji.