Andaa jalada kana kwamba kesho utahamishwa

Vijana wanaoingia uwakili wa serikali huniuliza swali lilelile: "Hukuogopa vigogo?" Niliogopa, tena sana. Lakini woga haujawahi kuniharibia kesi. Iliyoniharibia ni bahasha.

Ilikuwa kesi yangu ya kwanza ya kashfa. Ofisa mmoja aliniletea bahasha ya hati za malipo, nikaipokea kwa furaha na kuanza kusoma palepale. Sikuandika saa, sikuandika zimetoka kwa nani, sikumsainisha mtu. Kesi ilipofika mahakamani, wakili wa utetezi akauliza kwa upole kabisa: kati ya siku zilipotoka ofisini na siku zilipoingia kwenye rejista, hati hizi zilikuwa mikononi mwa nani? Zilikuwa kwenye droo yangu. Na huwezi kuendesha kesi huku ukiitolea ushahidi mwenyewe. Hazikupokelewa.

Tangu hapo kila karatasi inayonifikia huandikishwa kabla sijaisoma. Inakera, najua. Hamu ya kuona kilichomo ndani hukuwasha vidole.

Ukishaandikisha, itazame karatasi yenyewe kabla ya maneno yake. Niliwahi kukaa siku nzima na muhtasari wa kikao cha zabuni ambao maneno yake hayakuwa na kasoro. Jioni nikaona kwamba kila ukurasa ulikuwa na matundu manne ya pini pembeni, isipokuwa wa tatu, uliokuwa na mawili. Maana yake kurasa nyingine zilibanwa mara mbili, huo mara moja tu. Kuna mtu alikuwa ameufungua muhtasari na kubadilisha ukurasa. Aliyenieleza ni karani wa masjala, mtu ambaye hakuna mpelelezi aliyekuwa amemhoji kwa sababu wote walikuwa wanamkimbilia mkubwa. Anza na makarani. Mkubwa hushika kalamu mara chache mno, na mara nyingi agizo lake hupita kwenye simu.

Mshahara hautakutajirisha, na mwenzako uliyesoma naye atakupita na gari lake. Hilo utalizoea. Usilolizoea ni uhamisho.

Kesi za kisiasa nyingi haziuawi kwa vitisho. Huuawa kwa barua fupi ya kukupandisha cheo, uende kituo kingine mara moja. Ndiyo maana huwasimulia vijana wangu habari za Watergate, kashfa ya kule Marekani iliyoanzia kwenye uvunjaji wa ofisi za chama cha upinzani. Jumamosi ya tarehe 20 Oktoba 1973 Rais Richard Nixon alitaka Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu aliyeng'ang'ania kanda za mazungumzo ya Ikulu, afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson akajiuzulu kuliko kumfukuza. Naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa. Wa tatu, Robert Bork, akatekeleza. Usiku ule maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la nchi ile, walikwenda kuzifunga ofisi za Cox. Wengi husifu ujasiri wa waliojiuzulu, na wanastahili. Mimi huwatazama zaidi wanasheria wa chini wa Cox waliobaki. Leon Jaworski alipokabidhiwa kazi ya Cox mwezi uliofuata, alikuta timu inayojua ilipoishia. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua, kwa kura 8 bila kupingwa, kwamba kanda zitolewe. Nixon aliondoka madarakani tarehe 9 Agosti.

Kwa hiyo kila Ijumaa naandika dokezo la kurasa mbili na kulifunga juu ya jalada: mashahidi waliokwisha kuhojiwa, wanaosubiri, kielelezo kipi kiko kabati gani, na jambo ninalolishuku bila ushahidi, likiwa limeandikwa hivyo hivyo kwamba ni shaka tu. Waandishi wa habari hawalioni. Wala rafiki.

Barua yangu ilikuja Jumatatu moja asubuhi. Aliyenirithi alinipigia simu mara moja tu, akitaka kujua ufunguo wa kabati la pili nimemwachia nani.