Kitabu gani cha kuanzia usimamizi wa seva?

Ndugu, umeuliza uanze na kitabu kipi ili usimamie seva za Linux, na kama vile vya zamani bado vinafaa. Anza na The Linux Command Line cha William Shotts. PDF yake inapakuliwa bure, nacho kitakuzoesha kuandika amri kabla hujagusa seva ya mtu. Baadaye chukua UNIX and Linux System Administration Handbook, toleo la 5 la mwaka 2017. Kina kurasa zaidi ya 1,000, kwa hiyo usikisome kama hadithi. Fungua sura ya kazi uliyo nayo siku hiyo.

Vya zamani, angalia faharasa kwanza. Kama systemctl, amri ya kuwasha na kuzima huduma za seva siku hizi, haimo, na huduma zinawashwa kwa skripti za /etc/init.d tu, yaani mtindo wa zamani, kiweke kando. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilihamia systemd, mfumo wenye amri hiyo ya systemctl, mwaka 2015. Ila sura za ruhusa na umiliki wa mafaili, yaani amri za chmod na chown, hazijachakaa hata kidogo.

Na tafadhali, usisome bila kushika mashine. Tengeneza mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, hifadhi nakala yake, kisha kosea UUID moja (kitambulisho cha sehemu ya diski) kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka. Iwashe upya, uone inavyogoma, halafu uirekebishe mwenyewe.