Picha za vita tunazo, majina hatuna

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza vita vimeacha alama gani katika sanaa, picha na maisha ya kila siku mahali tunapoishi. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga. Jibu langu ni kwamba hapa kwetu vita vilichorwa na kupigwa picha na wageni, na humo watu wetu wamo kwa sura tu. Majina yao, yale yaliyosalimika, tuliyahifadhi wenyewe kwenye tenzi na ngoma.

Vita vilivyoitangaza Tanga duniani ni vile vya Novemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Meli za Waingereza zilishusha askari Ras Kasone usiku wa kuamkia tarehe 3. Walikuwa kama 8,000, wengi wao Wahindi waliopakiwa Bombay. Upande wa Wajerumani waliotawala hapa, kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kufika tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, nyuma wameacha bunduki, risasi na mamia ya maiti. Katikati ya mapigano nyuki walitibuka wakauma watu wa pande zote mbili, na hapo ndipo Waingereza walipopata jina la Vita vya Nyuki.

Jina hilo linanikera tangu nilipolisikia. Nyuki wameingia kwenye historia na jenerali ameingia, lakini muulize mtu yeyote hapa mjini akutajie askari mmoja tu Mwafrika aliyepigana siku ile. Mjerumani Martin Frost alivichora vita hivyo kwa rangi, na mchoro wake unazunguka hadi leo kwenye mitandao. Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio ya picha Dar es Salaam, alipiga picha nyingi sana za jeshi la Wajerumani, na sasa zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa la Ujerumani. Ni picha safi, unaona mpaka vifungo vya kanzu na nyayo za mtu. Lakini ukisoma maelezo ya chini, nyingi zinamtaja mtu kwa kazi yake basi: askari, mpagazi. Mpigapicha alimwona vizuri kuliko mtu yeyote na hakumuuliza jina.

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam nayo ni hivyo hivyo. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita hivyo, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na maneno yake yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanamwambia askari kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izunguke sanamu nzima, hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wamo humo, watu waliobeba mizigo ya majeshi hadi wakafa kwa njaa na maradhi.

Sasa niwapeleke kwenye ngoma, maana huko ndiko waliopigana walikojichora wenyewe.

Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga na miji mingine ya pwani mpaka Dar es Salaam. Vyama vilivyovuma vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na ushindani wao haukuwa wa mchezo. Watu walivaa sare, wakapiga mabaragumu na madebe, wakatembea kwa gwaride, na kila chama kilikuwa na vyeo vyake, wafalme, majenerali na makapteni, wanawake kwa wanaume. Vita vya 1914 vilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni wakaenda nayo kila walikokwenda. Walipotawanyika kurudi makwao ikazaa ngoma nyingine bara, kama mganda wa watu wa Ziwa Nyasa. Wako wanaosema beni ilikuwa kumwiga mzungu tu. Siafiki. Mpagazi aliyerudi yu hai, ambaye jeshini alikuwa namba kwenye daftari la mizigo, mtaani aliitwa jenerali, na waliomwita hivyo walimjua baba yake na nyumba yake. Wimbo wa kumsifu ulimtaja yeye, na wa kumsuta ulimtaja pia.

Tenzi zilikwishaifanya kazi hiyo kabla. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoutwaa Mrima, pwani yetu hii, muda mfupi baada ya vita vyenyewe. Ni vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Pangani leo ni wilaya ya mkoa wetu, na bado vijana wengi wanamaliza shule bila kuusoma hata ubeti mmoja.

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vimo kwenye kumbukumbu za walio hai. Wazee wa hapa wanakumbuka redio zilivyofunguliwa kwa sauti kubwa barazani Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Bendi zikatunga nyimbo. Watoto wakageuza ubua wa mgomba kuwa bunduki, na "nduli", jina alilobandikwa Amin, likawa tusi la mtaani. Kule Kaboya, Muleba, mashujaa wamezikwa kwa heshima yao, nami nashukuru kwa hilo.

Lakini waliorudi salama je? Sebuleni kwa shangazi yangu, Chumbageni, imetundikwa picha ya mumewe aliyoipiga studio mwaka 1979 baada ya kurudi Uganda. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua, kofia ameishika mkononi, buti zimepigwa rangi zikang'aa, lakini kamba ya buti moja si ya kiatu, ni uzi wa katani. Hewa ya bahari imeila picha upande wa kulia, bega limekuwa doa la njano. Shangazi aliposhusha fremu ili tuisafishe, tuliona nyuma maandishi ya kalamu ya wino: majina matatu kamili ya mumewe, kikosi chake, na neno "Masaka", mji wa Uganda. Wino umesambaa kwa unyevu. Miaka michache zaidi na yasingesomeka. Bila maandishi yale, wajukuu wangebaki na picha ya mwanajeshi kama zile za Dobbertin.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amepita 65. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenzangu: shusheni picha ukutani, zigeuzeni. Kama nyuma hakuna kitu, andikeni jina kamili, mwaka na mahali, kwa penseli laini na bila kukandamiza, maana wino unavuja. Kama mzee yupo, muulizeni na wenzake waliosimama naye ni nani, kabla hajawasahau. Kisha pigeni nakala kwa simu, mbele na nyuma. Sisi wa Tanga tunayo Makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani, yenye picha za mji huu tangu enzi za Mjerumani, na picha za Kagera zenye majina zinastahili kukaa ukuta mmoja nazo.

Nanyi, Ndugu Mhariri, tengeni ukurasa mmoja kila wiki kwa picha hizo, kwa sharti moja: isiyo na jina la aliyemo isichapwe mpaka jina lipatikane.